Chuma cha Milimita Kumi na Tisa

Happyness Suma alipangiwa kazi Sumbawanga, kupima maji katika maabara ya serikali, akaambiwa ni kwa miaka miwili tu. Sasa ni mwaka wa saba. Ameandika barua nne za kuomba uhamisho, na majibu yote yalikuwa na sentensi ileile: asubiri hadi apatikane mtu wa kuziba nafasi yake. Hakuna aliyetaka kuiziba.

Mama yake, Bi Margareth, anaishi peke yake Mbeya. Miguu inavimba, macho yanafifia, lakini ukimgusia habari ya kuhamia kwa mwanawe anakuja juu. "Nyumba ya baba yako nimwachie nani?" Basi kila Ijumaa saa tisa Happyness alikuwa anafunga maabara na kuishika njia ya Tunduma, mwendo wa saa tano, na Jumapili anarudi mwendo wa saa tano nyingine. Huko Mbeya alikuwa mgeni wa wikiendi, na Sumbawanga alikuwa mtu wa kulala tu.

Ndipo akauza gari lake la kawaida, akanunua gari la michezo la milango miwili, jekundu, lililokaa chini kama limechuchumaa. Wenzake ofisini walicheka. Walidhani amepata bwana, au wazimu. Lakini Happyness hakupenda mbio hata kidogo. Alichotaka ni dakika. Akifika saa mbili usiku mama anakuwa ameshasinzia kwenye kiti; akifika saa moja watakula pamoja.

Tatizo lilikuwa kona. Gari lilikuwa linalala upande, naye analazimika kukanyaga breki. Jioni alisoma kwenye simu mpaka akajua dawa yake ni stebilaiza, kile chuma kirefu kinachopita chini ya gari na kuunganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili bodi isiegemee upande mmoja. Chuma kikiwa kinene, gari linatulia kwenye kona.

Akaenda kwa Fabiani, fundi wa Kifipa mwenye gereji nyuma ya soko, mtu wa maneno machache. Fabiani aliingia chini ya gari, akapima, akatoka akijifuta mikono.

"Dada, cha nyuma ni milimita kumi na nne. Weka kumi na sita. Cha mbele kiache, badilisha bushi zake tu, zile raba zinazokishika."

"Nimeona kuna cha kumi na tisa."

"Kipo. Hicho ni cha uwanja wa mashindano, kwenye lami iliyonyooka kama meza. Ukiyafunga magurudumu kwa nguvu namna hiyo, moja likipanda tuta linanyanyua na la pili. Na mvua ikinyesha, mkia unakutoka."

"Mimi natembea kwenye lami tu, fundi."

"Leo."

"Nataka cha kumi na tisa. Nyuma na mbele."

Fabiani alimtazama kidogo. "Una haraka ya nini, dada?"

Happyness alitoa pesa za vyuma. Angemweleza nini? Kwamba amenaswa kati ya watu wawili wasiotaka kusogea, mwajiri na mama, na kitu pekee kilicho chini ya mamlaka yake ni unene wa chuma? Vyuma vilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, vimefungwa kwenye gunia. Fabiani alivifunga, ila kwenye ncha, palipokuwa na matundu matatu ya kuchagua ukali, alichagua la kulegeza. Happyness akamwambia ahamishie la kukaza.

Ijumaa ya kwanza alifika kwa saa nne na dakika ishirini. Kona zilipita kama hazipo. Alishuka, akakuta mama yuko macho, wakala. Ya pili vilevile.

Ijumaa ya tatu, ya mwezi Machi, lori lilikuwa limeanguka na kuziba barabara karibu na njia panda ya Kaengesa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Magari yaliyoinuka juu yalikuwa yakizunguka kupitia njia ya mashambani, naye akaangalia saa, akayafuata. Hakwenda mbali. Kwenye bonde moja gurudumu la mbele lilipanda tuta, gurudumu la nyuma likanyanyuka hewani, tumbo la gari likakaa juu ya udongo. Alikanyaga mafuta. Gurudumu lililokuwa juu lilizunguka kwa kelele, la chini likatulia kama halimhusu. Aliendelea kukanyaga mpaka akasikia harufu ya kuungua. Hapo akazima, akalia. Pande zote mbili ulezi ulikuwa umesimama, umelowa.

Mama mmoja mzee alitokea shambani na jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zima taa, betri itaisha. Ng'ombe wamechoka leo. Mume wangu atakuvuta asubuhi."

"Siwezi kulala hapa, mama. Nasubiriwa."

"Basi mpigie anayekusubiri," alisema yule mama, aliyeitwa Cornelia, kana kwamba ni jambo jepesi.

Happyness alipanda kichuguu kutafuta mtandao, akampigia mama yake. Alijiandaa kwa lawama.

"Umekwama? Hujaumia?"

"Sijaumia."

"Basi lala hukohuko." Kisha Bi Margareth akashusha pumzi ndefu. "Ngoja mimi nile."

Usiku ule, kwenye kitanda cha Cornelia kilichonukia moshi, ile pumzi haikumtoka masikioni. Asubuhi mzee Mathias, mume wa Cornelia, alifunga mnyororo nyuma ya gari, ng'ombe wanne wakalivuta kama jembe, na saa saba mchana Happyness alikuwa Mbeya.

"Mama, jana ulifurahi nilipokwama."

Bi Margareth aliendelea kuchambua mchele, ingawa hakuuona vizuri. "Kila Ijumaa nakaa kwenye kile kiti tangu saa tisa. Sili. Simu ikilia najua ni polisi. Na tangu ununue hilo dude jekundu ndiyo kabisa. Nimechoka, mwanangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia usije, ungeona sikutaki."

Hapo ndipo Happyness alipoelewa kwamba si yeye peke yake aliyenaswa. Walikubaliana awe anakuja mara moja kwa mwezi, kwa basi au kwa gari, lakini mchana. Alikubali haraka, kisha akaumia kwamba mama naye alikubali haraka.

Jumatatu Fabiani alitoa vyuma vya kumi na tisa, akaweka cha kumi na sita nyuma, na mbele akarudisha kile cha zamani. 

Jumamosi iliyofuata Happyness aliamka Sumbawanga. Upepo wa uwandani ulikuwa unavuma, baridi ikipenya dirishani. Alifua, akapiga deki, akatazama saa: saa nne kasoro. Hakuwa na rafiki hata mmoja wa kumtembelea. Alikaa kitandani muda mrefu, kisha akavaa sweta, akatoka kwa miguu, bila kujua anaelekea wapi, akimsalimu kila jirani aliyekutana naye, na kila jirani akimuuliza amehamia lini.