Walisema gari imekufa, nikatafuta ugonjwa na pampu ya ng'ombe

Wakuu, hamjambo. Miaka nimekuwa nikisoma tu hapa. Leo naandika yenye yalinipata mimi mwenyewe, na mwenye atasema ni chai, yaani hadithi ya kutunga, aje Kitengela nimwonyeshe gari.

Mimi ni mjane. Niko na agrovet, duka la dawa za mifugo, na siku tatu kwa wiki naingia maboma ya ndani huko Kajiado kuchanja mbuzi. Barabara ni mawe na korongo. Bila four-by-four yenye marehemu mzee wangu aliniachia, hiyo kazi sina.

Sasa ikaanza kukosa nguvu. Moshi mweusi, taa ya injini imewaka. Fundi akaweka scanner, code ya kosa ikasema oxygen sensor, ile hupima hewa ndani ya exhaust, bomba la moshi, inasoma petroli ni kidogo. Akabadilisha sensor, akafuta code.

Wiki moja, imerudi. Sensor ya pili. Imerudi.

Niseme hapa kidogo: kufuta code si kutengeneza gari. Ukificha thermometer, mtoto bado ana homa.

Fundi akaamua engine imeisha. Shemeji yangu, kaka ya marehemu, akasikia na akaitisha mkutano wa familia Jumapili. Gari iuzwe.

"Hiyo ni gari ya mwanaume," akaniambia kwa simu. "Wewe tafuta kitu ndogo."

Niliskia uchungu mpaka chakula ikanishinda.

Nikasoma nyuzi za hapa. Kumbe exhaust ikipasuka kabla ya sensor, hewa ya nje inaingia, sensor inadanganyika, kompyuta inamwaga petroli bure. Lakini fundi aliangalia exhaust, hakuona kitu.

Ndio nikashtuka. Kila mara namfikia nikitoka Kajiado, gari ikiwa moto. Chuma ikipata moto inavimba, ufa unajifunga.

Jumamosi asubuhi, gari ikiwa baridi, nikachukua pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Nikaiosha vizuri, nikaweka maji ya sabuni. Nashipae, mwenye tunauza naye dukani, akaziba mdomo wa exhaust na gunia, ndio moshi utokee kwa ufa kama uko. Nikawasha, nikalala chini, nikanyunyiza.

"Sasa gari pia iko na kupe?" akaniuliza.

Povu ikatoka kwa weld ya zamani, hapo tu kabla ya sensor. Nilicheka peke yangu huko chini.

Mtu wa welding akashona ufa, code ikafutwa. Jumapili nikawasha gari ikiwa baridi, nikaendesha mpaka kwa mkutano. Taa haikuwaka.

Shemeji alikuwa amekuja na mnunuzi. Huyo akasikiza engine, akasema hii iko sawa kabisa, anaichukua leo.

Nikamwambia, "Uliitwa kununua maiti. Hii iko hai, na iko na mwenyewe."

Nikatia ufunguo kwa sidiria, nikaitisha chai.

Funzo: gari ikaguliwe ikiwa baridi. Na mtu asizike kitu yako kabla wewe mwenyewe hujalala chini ukaangalia.

Mafundi wa hapa, kama nimekosea nipingeni, niko tayari. Na shemeji, najua unasoma hii. Kesho niko maboma, na sitaendeshwa na mtu.