Kengele ya Mzee Shaba

Mtaa mzima ulimwita Mzee Shaba, na jina lilimkaa hasa. Ukipita nje ya ua wake ungeona mitungi ya shaba kando ya njia ya changarawe, jogoo wa bati juu ya nguzo akigeukia upepo, na stendi za maua za chuma cha zamani ambazo hazikuwa na ua hata moja, maana mwenyewe alisema maua yanaficha kazi ya fundi. Ndani ndiyo usiseme. Vinara, masinia ya nakshi, taa za kuning'inia zisizowashwa. Kochi la kukalia lilibaki moja, la mtu mmoja, kwa sababu lile jingine lilikaliwa na masinia.

Alikuwa fundi bati. Tangu ujana mpaka mgongo ulipogoma alikuwa akigonga ndoo, masanduku na mifereji ya maji ya mvua, nyundo asubuhi, nyundo jioni. Nyundo ikamlisha, ikamjengea nyumba, na kidogo kidogo ikamla masikio. Hilo la masikio alilikana katakata. Watu wa siku hizi wananong'ona, alisema, redio zinatengenezwa ovyo, hata mvua haina kelele kama zamani. Mtu na ubishi wake.

Mkewe alikwishafariki, na mtoto hawakujaliwa kupata. Wa damu yake aliyebaki ni mdogo wake mmoja, na huyo walikuwa hawasemezani. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa birika. Mama yao alipofariki, mdogo mtu ndiye aliyesafisha nyumba, na birika la shaba la marehemu, lenye mdomo mrefu na jani lililochongwa kwenye kifuniko, likaenda na mzigo wa vyuma chakavu. "Lilikuwa limetoboka, kaka. Nilidhani takataka," alijitetea. Kaka akaapa hatamsemesha tena. Akaanza kuwazungukia wauza vyuma chakavu kulitafuta, na kila mara alirudi na kitu kingine, kwa kuwa aliona haya kurudi mikono mitupu. Ndivyo nyumba ilivyojaa. Birika hakuliona.

Miaka ikapita, hasira ikaisha, kikabaki kiapo. Sasa niseme wazi: alimkumbuka mdogo wake mpaka roho ikamuuma. Alimkumbuka hasa jioni, akimaliza kusugua shaba kwa ndimu na chumvi, inapong'aa na hakuna wa kumwambia "hebu tazama." Lakini aanze yeye, mkubwa mzima? Thubutu! Alisubiri mdogo aje kuomba radhi. Mdogo hakuja. Majirani nao wakakatika mmoja mmoja, hata wale waliokuwa wakija kuazima koleo. Mzee akajiambia watu wamekuwa na roho mbaya.

Akatundika kengele langoni, ya shaba, nzito, yenye nakshi za majani, ili yeyote atakayekuja aivute. Mlio wake angalau aliusikia. Hakuivuta mtu.

Asubuhi moja akaja muuza vyuma chakavu, ambaye kwa mazoea aliingia moja kwa moja bila simile. Akamkuta mzee barazani akinyoosha sinia lililobonyea. Akamshika bega kwanza, maana alishajua kwamba kumsemesha ukiwa mbali ni kupoteza mate.

"Mzee, kwani wewe na mdogo wako bado tu?" alimpigia kelele sikioni.

"Bado nini?"

"Nimepishana naye langoni. Kapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Na huku anakusikia unagonga! Kasema, 'Kaka hanitaki,' kajiondokea."

Nyundo ikabaki hewani.

"Leo?"

"Sasa hivi. Na mwaka jana nilimwona vilevile. Nilidhani unajua."

"Sasa kwa nini hakuvuta kengele?"

"Kengele gani? Lile pambo?"

"Si pambo!"

"Mzee wangu, hapa kwako kila kitu ni pambo. Watoto mtaa mzima wanaambiwa vitu vyako haviguswi."

Mzee akaweka nyundo chini. Hodi tatu, usipoitikiwa ondoka. Mama yao aliwafundisha wote wawili hivyo, na aliyeng'ang'ania mlangoni kwa watu alifinywa. Kumbe mdogo alikuwa anakuja. Kumbe pengine hata wa koleo walikuja, wakaita kwa adabu zao, wakarudi makwao na kinyongo. Akanawa mikono, akavaa shati safi, akatoka bila kuchukua hata kijiko.

Mdogo alikaa nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba ya mlango wa kijani. Ndala zake zilikuwa kizingitini, basi yumo.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Pazia halikutikisika. Akaita ya tatu, akatega sikio mpaka shingo ikamuuma. Huenda ndani walisema karibu. Huenda walisema aende zake. Hakuwa na njia ya kujua, na miguu ilishaanza kugeuka yenyewe kama ilivyofundishwa.

Akairudisha.

"Hodi!" aliita ya nne, kwa sauti iliyowatoa majirani madirishani. "Hodi, mdogo wangu! Mimi sisikii! Nimekuwa kiziwi! Hata ulipokuja sikukusikia!"

Mlango ukafunguka. Mdogo wake alisimama pale, mvi tupu, mzee kama yeye, machozi yakimtoka na midomo ikienda mbio. Kaka hakuambulia neno hata moja. Safari hii hakumgombeza kwamba ananong'ona. Alimshika mkono, akamgeuzia lile sikio lenye nafuu.

"Rudia," alisema. "Rudia polepole."