Unga wa Mama Mkwe

Mume wangu alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, mbele kidogo ya Kibondo, akiwa ndani ya basi la Dar es Salaam. Alikuwa na kiroba cha unga wa muhogo alichopewa na mama yake ampelekee dada yake. Katikati ya ule unga polisi walikuta pakiti za heroini.

Mama mkwe ni mkulima wa Nyakitonto. Kiswahili anakisikia, lakini maisha yake yote ni Kiha. Pale kituoni askari alimuuliza kama anajua habari za unga wa mwanawe. Akajibu kwa fahari, "Unga ni wangu, baba. Nimetwanga mimi, nimemfungia mimi." Wakaangua kicheko. Nilitamani kuwazaba vibao wote, na yeye pia. Nikawaeleza kwamba kwake yeye unga ni chakula, basi.

Mahakamani Kibondo mume wangu alisomewa shitaka la kusafirisha dawa za kulevya. Hakimu akamwambia hatakiwi kujibu chochote, maana shauri lile ni la Mahakama Kuu, na kwa uzito ule halina dhamana. Ikasubiriwa taarifa ya Mkemia Mkuu. Kila kesi ilipotajwa nilitoka Kasulu kwenda kusikia kwamba upelelezi haujakamilika. Mimi nilikuwa na swali moja tu: alijua alichobeba, au alibambikiwa? Nilitaka anitazame nimsome usoni. Hakunitazama.

Sokoni Kasulu, wenzangu wa meza za dagaa wakaanza kuniita mke wa mzungu wa unga, yaani wa muuza dawa za kulevya. Mwanzoni ulikuwa utani, baadaye wakahamisha meza. Niliumia sana. Kutwa nzima nakaa katikati ya watu, na hakuna anayeniomba hata kibiriti.

Aliyebaki ni mama mkwe, aliyehamia kwangu kusubiri kesi. "Wapime tu," alikuwa akisema. "Wataona ni muhogo mtupu."

Walipima. Mahakama Kuu ikampa mume wangu kifungo cha maisha, na mama mkwe akatoka mle akisema wamekosea kiroba.

Nilikwenda gerezani peke yangu, nikamuuliza mume wangu waziwazi. Aliuliza yeye, "Mama bado anasema unga ni wake?"

"Bado."

Akainamisha kichwa. "Muache hivyo hivyo. Usimwambie kitu."

Nikajua. Kumbe aliufungua mzigo wa mama yake mwenyewe, akaufunga tena. Nilimchukia palepale, na bado nilitaka kumshika mkono. Muda ukaisha, nikapanda basi.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anachekecha unga wa jioni, mikono myeupe hadi viwikoni.

"Amesemaje?"

Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

"Anasema unga wako haukuwa na kosa, mama."

"Si niliwaambia," akasema, akaendelea kuchekecha.