Nani Anayeitika Kituo cha Pili?

Ofisini walimwita Bi Kwanini, na wala hakuchukia. Aliingia mamlaka ya maji akiwa mpiga chapa. Taipureta zilipotupwa stoo, akajifunza kompyuta kwa kusimama nyuma ya mafundi na kuwauliza maswali mpaka wakaomba poo. Sasa ndiye aliyetunza kompyuta za vituo vitano vya kusukuma maji, vyote mbali, bila kunyanyuka kitini. Aliingia kwa njia ya mtandao, akaangalia matangi yamejaa kiasi gani, akarekebisha kilichoharibika, akatoka.

Jumatatu moja asubuhi, chai yake haijapoa, aliita kompyuta ya Kituo cha Pili. Badala ya kumfungulia, skrini ilijaa onyo: alama ya utambulisho ya mashine ile imebadilika, huenda kuna mtu amejipenyeza.

Jirani yake wa meza, fundi mmoja waliyempachika jina la Chapchap, alichungulia.

"Hilo lisikuumize kichwa, dada. Futa alama ya zamani, kubali mpya. Mimi ndivyo ninavyofanya kila mara."

"Na huwa unajua kwa nini imebadilika?"

"Mashine hizi! Zina mambo yake."

Jibu hilo halikumtosha. Kila kompyuta ya namna ile ina ufunguo wake wa siri, na ufunguo una alama, msururu wa herufi na tarakimu usiofanana na wa nyingine. Siku ya kwanza ukiiita, kompyuta yako huikariri alama hiyo, na kila siku huilinganisha. Ikibadilika, ama mashine imewekwa upya, ama anayeitika siye uliyemwita. Na huyo wa pili ukimwandikia nywila yako, umempa funguo za nyumba mtu usiyemjua.

Akampigia simu mwendesha pampu wa kule, aliyejulikana kwa jina la Spana.

"Kaka, kuna mtu ameigusa kompyuta yako?"

"Aiguse nani, dada? Vumbi lake lipo vile vile."

Akamwelekeza amri ya kuandika, kisha akamwomba amsomee alama iliyotokea, herufi moja moja.

"Kei."

"Kubwa au ndogo?"

"Kubwa. Halafu saba. Halafu... hii ni sifuri au ni O? Dada, miwani nimeiacha nyumbani!"

Walikwenda hivyo dakika kumi, Chapchap akicheka chini chini. Walipomaliza, Bi Kwanini aliilinganisha na aliyoiandika mwenyewe siku kituo kilipofunguliwa. Zilikuwa sawa, herufi kwa herufi. Kumbe mashine ya Spana haikubadilika hata chembe. Alama iliyoonekana kwenye skrini ya Bi Kwanini ilikuwa ya kitu kingine kabisa. Hofu ilimwingia, lakini hamu ya kujua ikaizidi.

"Chomoa waya wa mtandao wa kompyuta yako."

"Nimechomoa."

Akaita tena. Onyo likaja lile lile. Chapchap aliacha kucheka, akasogeza kiti.

"Imechomolewa na bado inaitika?"

"Kuna kingine kinaitika kwa jina lake. Kaka, hapo kumeongezwa kitu gani siku hizi?"

Spana akafikiri. "Hakuna... Ngoja! Jumamosi mafundi wa kamera walifunga kisanduku chao cha kuhifadhi picha juu ya kabati."

"Kizime. Rudisha waya wako."

Alipoita mara ya tatu, kompyuta ya Kituo cha Pili ilimfungulia bila neno.

Mafundi wa kamera walipopigiwa walikiri: walikipa kisanduku anwani ya mtandao ya kubahatisha, ikaangukia ile ile ya kompyuta. Hapakuwa na mwizi. Hata hivyo mkuu wa kitengo alitangaza kwamba onyo la aina hiyo halifutwi na mtu mpaka kituo kimepigiwa simu. Chapchap akaanza kuhesabu kwa vidole mara alizofuta bila kuuliza. Vidole havikutosha.

Wiki iliyofuata Bi Kwanini alikwenda mwenyewe Kituo cha Pili kubandika alama iliyochapwa ubavuni mwa kompyuta. Miaka sita alikuwa akizungumza na Spana kwa simu, na kwa sauti ile nzito alitarajia pande la mtu. Aliyemfungulia geti alimfika begani.

"Mwendesha pampu yupo?" akauliza.

"Ndiye mimi, dada. Karibu."

Bi Kwanini akamwomba aseme tena, ailinganishe sauti na ile ya simu.