Pete ya Mpingo

Mie shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikieleza vibaya mnivumilie. Binti yangu wa mwisho alikuwa anaolewa, na nilishaapa kwamba picha yake naipiga mwenyewe, kwa lenzi ileile niliyompigia mama yake kabla hatujaoana. Harusi za watu nilikuwaga nazipiga hapa Kipawa hadi magoti yakachoka. Ya binti yangu mkubwa niliikosa. Siku hiyo nilikuwa Boko napiga ya mtu baki, nilishamwahidi. Binti hajanisamehe. Akipakua pilau mpaka leo, sahani yangu ni ya mwisho. Haya, turudi kwenye lenzi.

Kamera ya lenzi hiyo ilishakufa. Nikapata bodi ya kisasa, yaani kamera tupu bila lenzi, mtumba, ya kampuni nyingine. Lenzi ikagoma kuingia. Nikamfuata shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mchonga vinyago. Nikampa kile chuma kinachoshika lenzi, nilichokifungua kwenye kamera iliyokufa, na mfuniko wa kuziba mdomo wa bodi mpya, nilioutoboa katikati. Nikamwomba achonge pete nene ya mpingo, avifunge hivyo vitu kwa skrubu, kimoja kila upande.

"Shemeji, dada yangu ulimvisha pete ya shaba," akasema. "Leo kamera unaitafutia mpingo?"

"Wewe chonga."

Akachonga. Kwanza kamera ikakataa, ikasema haina lenzi. Fundi simu akaibonyezabonyeza ikatulia. Nikakipiga picha kiganja changu, mistari yote nikaiona. Nikaelekeza kwenye tangi la maji la jirani, kule mbali: ukungu mtupu, hata nilipozungusha lenzi hadi mwisho.

"Pete nene mno, lenzi imekaa mbali na kamera," nikamwambia shemeji.

"Mti unaachiwa unene, shemeji. Ukikauka unasinyaa. Ndivyo alivyonifundisha baba."

"Harusi Jumamosi. Utasinyaa hadi Jumamosi?"

"Ukishapunguza, hurudishi. Mkono wangu haumo."

Basi nikapunguza mwenyewe. Nikatandaza msasa juu ya kipande cha kioo, nikafungua skrubu, nikasugua pete, nikapangusa vumbi, nikafunga, nikatazama tangi. Bado. Nikafungua tena. Mke wangu akaniambia chai inapoa, nikamwambia ipoe. Sijui ni mara ngapi nilirudia. Siku ya pili jioni maandishi ya kwenye tangi yakasomeka.

Jumamosi wale wapiga picha wa kukodiwa wakanikuta uani.

"Shikamoo mzee. Hiyo kamera umechonga?"

"Marahaba. Kachonga mjomba wa bibi harusi. Mie nimesugua tu."

Wakacheka, nami nikacheka, lakini sikusogea. Bibi harusi akatoka mlangoni na mama yake. Kabla sijapiga, yule binti mkubwa akaja akasimama kando ya mdogo wake, akarekebisha kilemba.

"Na mie nipige, baba. Leo hujaenda Boko."

Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa geti, ili waenee wote. Nikazungusha lenzi polepole, mpaka nyuso zote tatu zikatakata. Nikapiga.