Siku Bibi Alipopanda Mizani

Jumamosi nilimkuta mume wangu ametandaza vitu vya kuuza mbele ya gereji yetu hapa Blaine, ughaibuni, na katikati ya viatu vya watoto kaweka mbuzi ya kukunia nazi ya bibi yangu. Kaibandika na karatasi ya bei. "Si hatuitumii?" ananiuliza. Maneno niliyomjibu siwezi kuyaandika. Nikaibeba hadi jikoni, nikaikalia na koti langu mwilini, na hasira ikaanza kushuka. Maana mbuzi hii, mwenzangu, naijua ilikopita.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, tukikaa Apple Valley, si mbali na hapa, mimi, mama na bibi, nyumba inanukia iliki mpaka jirani anauliza tunapika nini. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mchele na kumwaga chumvi kwenye ngazi za nje, bibi asiteleze kwenye barafu. Basi majira yale ya baridi mama mdogo, mdogo wake mama, akajifungua mtoto wa kwanza, mbali kabisa, kwenye kijisiwa cha Karibi ambako mumewe alikuwa akifundisha shule. Kwetu Mombasa mzazi haachwi peke yake. Mama yake huja akamkanda kwa maji moto, akampikia uji wa pilipili manga na wali wa nazi. Bibi alianza kufunga mzigo kabla simu haijakatika.

"Mama, kazini wamenipa ruhusa fupi. Tutakaa siku tatu tu," mama akamwambia.

"Hata ingekuwa moja, nitamkanda." Na mbuzi akaitia begini.

"Mama! Huko minazi imejaa. Wana vikunio vyao!"

"Nazi zao, mbuzi yangu."

Tulitoka kwenye theluji, tukabadili ndege, tukabadili tena. Ya mwisho ilikuwa kidege kama kibasi, na kabla ya kupanda kila abiria alipimwa uzito pamoja na begi lake, mbele ya watu. Hapo ndipo safari ilipotaka kufa. Bibi aliitazama mizani, akawatazama wanaume waliojipanga nyuma yake, akaketi juu ya begi.

"Mimi si gunia la mchele."

Mama akamsihi. Kidege kingine hakuna mpaka kesho kutwa, na kesho kutwa siku zetu ndiyo zinakwisha. Bibi akavuta buibui lake, akajifunika mpaka kidevuni. Sikuwahi kumwona hivyo.

Mpimaji alikuwa mwanamke mnene wa palepale. Kiswahili hajui hata neno, lakini aliangalia buibui, akaangalia wale wanaume, akaelewa. Akanyoosha mkono. Mama akampa ncha ya leso, wakaizungushia mizani kama pazia, na bibi akapanda huku mimi nikimshikia viatu. Alichokisoma yule mama alimnong'oneza rubani peke yake, na mimi sikisemi hadi leo.

Tukawa tumezidi. Kitu kibaki. Sote tukaitazama mbuzi. Bibi akafungua begi, akatoa madera, kandambili, shuka, mpaka sweta, akamrundikia yule mama mikononi. "Niwekee, nitapitia nikirudi." Begi akalifunga na mbuzi yake ndani.

Angani alisoma dua kwa sauti ikashinda injini, kucha zake kwenye mkono wangu. Tulipotua, mama mdogo alikuwa kivulini na kitoto chake, amekonda, macho mekundu.

"Mama, nguo zako ziko wapi?"

"Utanipa zako. Jiko liko wapi?"

Mama mdogo alicheka huku analia. Siku zile bibi alivaa madera ya mwanawe, yakambana kila mahali. Bahari ilikuwa karibu, lakini ninachokikumbuka ni mkwaruzo wa nazi alfajiri, harufu ya pilipili manga, na mama mdogo akilalama maji ni moto. "Nyamaza. Mimi nilikandwa ya moto zaidi."

Bibi ametangulia. Mama karudi Mombasa, na mama mdogo alishahama kile kisiwa. Nilipojifungua mimi, Januari, simu yangu ilijaa hongera na picha za maua. Mtu wa kuniletea uji hakuna. Wifi yangu, wa hapo Eagan tu, aliniambia barabara ina theluji. Theluji! Bibi alipanda ndege tatu na mizani juu. Ule mtindo wa mtu kufika tu, bila kuulizwa, umetuponyoka mikononi, na bado unaniuma, sidanganyi.

Lakini wifi huyo huyo kajifungua Alhamisi, na mama yake yuko mbali. Nimeshanunua nazi na pilipili manga. Leo mume wangu kasimama mlangoni ananiuliza naenda wapi na mvua yote hii. Mbuzi iko kiti cha mbele, nimeifunga mkanda. Naenda kumkanda dada yake. Na maji yatakuwa moto hasa.