Skrubu ya Inchi Tatu

Arvel Stidham ana magoti mabovu, na huku bondeni kwetu Cane Fork hakuna asiyejua, kwa sababu kila akiinuka sakafuni husema "Ee Bwana" kwa sauti ya mtu anayeomba kweli. Ana miaka sitini na minne. Kazi yake ni kunyamazisha sakafu za nyumba za trela, hizi tunazokaa karibu sote bondeni, ndefu na nyembamba, zilizoletwa zikivutwa na lori na kuegeshwa juu ya matofali.

Kazi hiyo aliianzia upande wa pili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa kiwandani ng'ambo ya mlima, akitandika sakafu hizohizo. Nyumba ya trela huanza na sakafu kabla ya ukuta na paa. Chini kuna chuma, juu yake turubai la plastiki, kisha boriti, na mwisho mbao za maranda yaliyogandamizwa kwa gundi. Nafasi iliyo kati ya turubai na mbao tunaiita tumbo, maana ndimo mabomba yanamolala. Siku za Ijumaa watu wa kiwandani walikuwa na haraka ya kwenda kwao, gundi ikapakwa kidogo, misumari ikapigwa pembeni ya boriti. Arvel hafichi. Akiingia kwenye nyumba na kukanyaga mara mbili tatu, sakafu ikalia kama bata, hucheka kidogo na kusema, "Hii ni ya Ijumaa." Kiwanda kilipofungwa alibaki akirekebisha kazi ya mikono yake mwenyewe na ya wenzake. Anasema Mungu naye ana utani wake.

Machi hii alimfanyia kazi Ocie Noble, jirani yangu wa mbele. Thurman, mume wa Ocie, alikuwa dereva wa malori ya makaa ya mawe. Kabla ya Krismasi alipatwa na kiharusi, na tangu hapo yuko kwenye kituo cha wagonjwa mjini, maili arobaini kutoka kwetu. Wenye kituo walikubali arudi nyumbani, ila kwanza mama mmoja wa kituo aje Alhamisi kuangalia kama sakafu itabeba kiti cha magurudumu. Isipobeba, ni kungoja hadi Juni ndipo aje tena. Na Thurman kule alikuwa ameacha kula. Ocie hakusema kwa mdomo, lakini sote tulijua anawaza nini juu ya Juni.

Arvel alianza Jumatatu. Mbele ya jiko palikuwa panabonyea, na korido nzima ilikuwa inalia.

"Hukuja na mto wako wa magoti, Arvel?" Ocie alimuuliza.

"Mto nimekuja nao. Magoti ndiyo yamebaki nyumbani."

Yeye hutembea na soksi, akisikiliza. Panapolia anaweka alama ya chaki, anatafuta boriti kwa kugongagonga na kifundo cha kidole, kisha anakaza skrubu. Ana sharti lake moja, kutopitisha skrubu ya zaidi ya inchi mbili, kwa sababu bomba la maji limefungwa ubavuni mwa boriti. Ila pale mbele ya jiko mtu wa kwanza kumiliki nyumba alikuwa ameshapigilia ubao mwingine juu ya ule wa zamani, na skrubu fupi hazikufika popote. Jumanne alasiri, Arvel akiwa amepiga magoti tangu asubuhi, alitoa skrubu za inchi tatu. Tano zilikaa vizuri. Ya sita iliikosa boriti kwa upana wa kidole.

Aliisikia mkononi. Skrubu ikiingia kwenye boriti hugoma na kupiga kelele. Hii iliuma kitu laini, ikateleza, kisha ikatulia. Hakuna tone lililotoka.

Ocie alikuwa ameshaandaa chakula, maharage yaliyopikwa na kipande cha nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi na kitunguu kibichi. Arvel alikula, akashukuru, akatoka. Mimi nilipokwenda kutupa takataka nilimkuta amekaa ndani ya pikapu yake, injini imezimwa.

"Ndugu Arvel, unaumwa?"

"Nimetoboa bomba la Ocie, Dada Nadine."

Nikatazama chini ya nyumba. "Mbona pakavu?"

"Ndiyo shida yenyewe. Skrubu imeziba tundu lake. Inaweza kukaa hivyo hadi kiangazi. Halafu itaota kutu, maji yaanze kudondoka, tumbo lijae, na zile mbao zivimbe kama mkate wa mahindi kwenye glasi ya maziwa. Thurman atazama na kiti chake mpaka kwenye udongo."

"Na ukilitengeneza?"

"Niingie chini, nipasue tumbo, nikate bomba, niunge. Hiyo ni kesho yote. Na korido sijaigusa. Yule mama atakuta kazi nusu." Akalaza paji la uso kwenye usukani. "Nimechoka, Dada. Nimechoka mpaka meno."

Niliweka mkono kwenye mlango wa gari, nikawaombea kimoyomoyo, yeye na Ocie. Mwisho Arvel akafungua mlango, akasema "Ee Bwana," akarudi ndani, nami nikamfuata.

Ocie alimsikiliza akiwa ameshika sufuria.

"Arvel Stidham! Umetoboa bomba langu, halafu ukakaa ukala maharage yangu?"

"Sahani mbili," Arvel akajibu.

"Na kitunguu ukaomba kingine!"

"Niliomba."

Ocie akageukia ukuta, akajifuta uso kwa aproni. "Keshokutwa ni Alhamisi, Arvel. Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

Ocie akasema, bila kugeuka, "Haya, funga maji. Nitaoga kwa Nadine."

Jumatano Arvel alitoa mabati yanayozunguka chini ya nyumba, akaingia chali kwenye tope la Machi. Tulimsikia akikata, akikohoa, akisema maneno mengine na kuomba radhi hapohapo. Jioni bomba lilikuwa zima, ila Arvel hakuweza kutoka. Magoti yalikuwa yamekataa kukunjika. Ocie alishika buti moja, mimi la pili, tukamvuta. Ibada ya Jumatano tuliikosa sote watatu. Arvel alikaa kwenye ngazi na sufi za manjano za kuzuia baridi zimemjaa ndevuni.

Alhamisi alifika saa kumi na mbili asubuhi, akamaliza pale mbele ya jiko, safari hii kila skrubu kwenye boriti. Saa tatu mama wa kituo akagonga mlango, na kiti cha magurudumu mkononi. Korido ilikuwa ileile.

"Nahitaji mtu mzito akae humu," mama akasema. "Wewe, mzee. Una mwili kama wa Thurman."

"Ananizidi sura tu," Arvel akasema, akajitupa kitini.

Mama akamsukuma. Korido ililia mwanzo hadi mwisho, kila hatua mlio wake. Ocie alifumba macho. Mama akasimama.

"Inapiga kelele hii."

"Ndiyo, mama," Arvel akajibu. "Kelele ni ya msumari. Mbao ni nzima. Bonyeza utaona."

Mama aliinama, akabonyeza kwa kiganja, akapiga kisigino mara kadhaa. Akamsukuma hadi mbele ya jiko, akamzungusha pale, akamrudisha. Sakafu ya jikoni haikutoa hata mlio. Akaandika kwenye karatasi yake, tena taratibu mno.

"Jumamosi," akasema. "Mtamleta Jumamosi. Lakini hiyo korido, mzee, uitafutie dawa."

"Nitarudi Jumatatu."

Ocie akaketi sakafuni palepale, akalia kwa sauti, nami nikalia naye na kumshukuru Mungu. Mama alipoaga alihitaji kiti chake.

"Arvel, inuka," Ocie akasema huku akijifuta. "Mama anaondoka."

Arvel alikuwa bado kitini, amefumba macho.

"Mwambieni akiache," akasema. "Si Thurman anakuja Jumamosi? Mimi nitamtunzia."

Tukamshika kwapa, huku na huku, tukamwinua.